Dola 3,000 zilizokwama na swali la maji ya Bulengo

Goma – Kwa miezi mingi asistanti mmoja wa chuo kikuu hapa mjini alikuwa akiamka saa kumi ya usiku. Saa hiyo umeme ukiwepo intaneti inakimbia kidogo, na mega za usiku ni za bei ndogo. Alikuwa akitafuta pesa ya kufanya utafiti. Jina lake halitajwi hapa kwa ajili ya usalama wake, lakini wengi waliokaa kwenye kambi ya Bulengo watamkumbuka: ni yule mama kijana mwenye daftari la kijani, aliyekuwa akipita kwenye mahema na kuuliza maji yanakaa ndani ya bidoni siku ngapi.

Swali lake lilianzia ufukweni. Watu wa kambi wanaijua kazi ile: unachota maji ya Ziwa Kivu ndani ya bidoni ya lita 20, unapanga mstari, kijana mwenye sindano anakutilia klorini, kisha unapanda nayo mpaka hemani. Ukishatiliwa klorini, unahesabu kwamba maji ni salama. Asistanti aliona jambo lingine. Bidoni nyingi zilikuwa na utelezi wa kijani ndani, na maji yalinywewa kesho yake, mara nyingine kesho kutwa. Klorini hupambana kwanza na uchafu inaoukuta ndani ya chombo. Ikiisha, hakuna tena kinachozuia kipindupindu. Kipimo kinachotakiwa ni klorini isiyopungua miligramu 0.2 kwa lita mpaka wakati wa kunywa. Alikopita yeye, watu walipima ufukweni, si hemani. Yeye alitaka kupima hemani, baada ya saa 24.

Goma haihitaji kufundishwa kipindupindu ni nini. Mwaka 1994 kiliua makumi ya maelfu ya wakimbizi hapa ndani ya majuma machache, na tangu hapo hakijatoka kabisa.

Vifaa havikuwa vya ajabu: vidonge vinavyogeuza maji kuwa ya rangi ya waridi kama klorini ipo, kikebe cha plastiki cha kulinganisha rangi, pesa ya motari, na posho ya wanafunzi wawili. Hesabu yake yote ilifika dola 3,000. Kwa mfadhili wa Ulaya hiyo ni pesa ndogo. Kwa asistanti ambaye jina lake bado halijaingia kwenye listi ya mishahara ya Kinshasa, anayeishi kwa kile kinachopatikana kutoka minervali za wanafunzi, ni mlima.

Tangazo la kwanza, au apeli kama wanavyosema chuoni, alilijibu kwa kurasa kumi na mbili. Jibu lilikuja kwa mistari mitatu: kiongozi wa mradi awe na doktora. Yeye ana masta. Sharti hilo liliandikwa tangu mwanzo, chini kabisa ya ukurasa, na hakulisoma. Juma tatu za usiku zilipotea hivyo. Na hapa kuna fundo ambalo vijana wengi wa vyuo vyetu wanalijua: ili upate pesa ya utafiti uwe na doktora, na ili ufanye doktora upate pesa ya utafiti.

Akageukia Ubelgiji. ARES na VLIR-UOS, mashirika ya ushirikiano wa vyuo vya kule, yamesaidia vyuo vingi vya Kongo, lakini mlango wake wa miradi unafunguliwa na profesa wa chuo cha Ubelgiji akishirikiana na wa hapa. Asistanti peke yake hagongi. Alimpata profesa mmoja wa Ulaya, mtu mwenye adabu, aliyependa swali lake haraka sana. Baada ya mwezi bajeti ilirudi imebadilika: sehemu kubwa inabaki kule, na jina la asistanti limeshuka mpaka kwenye mstari wa wakusanya takwimu, dola kumi kwa siku. Mkubwa wake chuoni akamwambia, “Kubali, dada, wote tulianzia hapo.”

Hakulala siku mbili. Dola kumi kwa siku zingelipa nyumba na unga. Mwishowe aliandika barua ya heshima akakataa, na wenzake wengine mpaka leo wanasema alikosea. Huenda. Lakini ni yeye aliyeingiza mkono ndani ya zile bidoni na kuona utelezi.

Kuanzia hapo akabadilisha namna ya kutafuta. Aliacha miradi mikubwa, akaanza kusoma masharti kabla ya kusoma kiasi cha pesa: umri, diploma, nchi, lugha, akaunti ya nani. Aligundua kwamba wapo wanaopokea watu wenye masta. IFS ya Stockholm, kwa mfano, ilianzishwa mwaka 1972 kwa ajili ya watafiti vijana wa nchi zenye uwezo mdogo, na maji yalikuwa moja ya mada zake. Aligundua pia kwamba ukimwandikia mfadhili swali fupi kabla ya kutuma dosye, mara nyingi anajibu. Barua ya rekta na kibali cha kamati ya maadili aliviomba mapema, maana sahihi moja inaweza kuchukua muda mrefu kuliko mradi mzima. Na Kiingereza chake kilisahihishwa na padri mmoja aliyesoma Nairobi, kwa malipo ya soda mbili.

Desemba 2024 mfadhili mmoja mdogo alisema ndiyo. Dola 3,000, zote. Zitatumwa kwenye akaunti ya chuo.

Januari 20, 2025, Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na shirika lililokuwa limemuahidi gari likafunga kazi. Juma moja baadaye M23 waliingia Goma. Banki zikafungwa, uwanja wa ndege ukafungwa. Mfadhili akaandika kwa huruma kwamba hawezi kutuma pesa kwenye akaunti ya banki iliyofungwa, wala kwenye simu ya mtu binafsi, sheria haimruhusu. Mwezi wa pili kambi zikavunjwa. Mahema ya Bulengo yakang’olewa, familia zikapanda barabara ya Sake na magodoro kichwani, wengine juu ya chukudu. Mradi ulikuwa na kibali, bajeti, sahihi tano. Watu wa mradi hawakuwepo tena.

Aliandika upya kurasa mbili tu: bidoni ni zilezile, zimerudi vijijini na wenyewe, swali limehama pamoja nao. Akaomba mfadhili anunue vidonge moja kwa moja, bila pesa kupitia kwake. Ilichukua miezi. Vidonge vilipita mpaka wa Gisenyi ndani ya mkoba wa mwenzake. Pesa iliyobaki ingali imekwama.

Siku ya kwanza alipanda moto mpaka Sake kwa pesa yake. Alimkuta mama mmoja wa kamati ya maji ya Bulengo, sasa nyumbani kwake, chini ya shitingi kwa sababu bati ziliibwa. Mama akamtazama, akalitazama na daftari la kijani.

“Weye ulirudiaka kweli? Bengine baliandikaka tu, hatukubaonaka tena.”

Alimimina maji kidogo kutoka kwenye bidoni, akatia kidonge, akatikisa. Wote wawili wakakisogeza kikebe kwenye mwanga. Maji hayakubadilika rangi. Mama akauliza hiyo maana yake ni nini, na wajukuu wake walikuwa wamekunywa asubuhi ile. Asistanti akamwomba sufuria na kuni, wachemshe yaliyobaki kwanza. Kisha akaandika namba ya bidoni ile ndani ya daftari: 1.