Pikipiki ya safari ndefu, ikitazamwa kutoka siti ya nyuma

Kutoka Dar es Salaam hadi Njombe ni takribani kilomita 700, na njia kuu yote ni lami. Unapita Chalinze na Morogoro, unakatiza Hifadhi ya Mikumi, unapanda Kitonga, unauacha mji wa Iringa juu kilimani upande wa kulia, kisha Mafinga na Makambako, ndipo unakata kushoto. Kwa basi ni siku nzima. Siku hizi wapo akina baba, na akina mama wachache, wanaoifanya safari hiyo kwa pikipiki kubwa. Katika nyumba zao, yetu ikiwemo, mjadala umefika mezani: inunuliwe ipi, na nani atakaa nyuma?

Mimi ndiye wa nyuma. Wanaume wakizungumza pikipiki huanza na CC. Wa nyuma hana usukani wala breki, kwa hiyo anaona mambo mengine: mgongo, magoti, upepo, na namna dereva anavyosimama kwenye foleni.

Zinazoshindanishwa ni za aina mbili. Kuna za lami, zilizotengenezwa kwa ajili ya kukaa barabarani kutwa. Mfano wake mkubwa ni Honda Gold Wing, iliyoanza kuuzwa miaka ya 1970, na BMW za RT. Ni nzito, siti iko chini, mbele kuna kioo cha kukinga upepo na ubavuni masanduku ya mizigo. Gold Wing ile ya kifahari ina hadi egemeo la mgongo kwa abiria. Halafu kuna za njia zote, zilizopanda juu, zenye tairi jembamba na kubwa mbele. BMW ilitoa R 80 G/S mwaka 1980, na mwaka uliofuata pikipiki ya aina hiyo ikashinda mashindano ya Paris hadi Dakar. Tangu hapo kila kampuni ikataka yake: leo kuna Honda Africa Twin, Yamaha Ténéré 700 na Royal Enfield Himalayan.

Kwa hisani ya marafiki wa mume wangu nimekaa nyuma ya zote mbili, ya lami hadi Morogoro na ya njia zote hadi Iringa. Sitawaficha: ile ya lami ni raha. Malori ya kwenda Tunduma, Zambia na Congo yakikupita huwa yanasukuma upepo kama ukuta, lakini nyuma ya kile kioo nilisikia kishindo tu. Nilishuka Morogoro nikiwa na hamu ya chai, sina maumivu popote. Huko mbele, kati ya Mafinga na Makambako, ambako mwezi wa sita na wa saba baridi inaingia hadi kwenye mifupa, kinga hiyo ingekuwa na thamani kuliko koti lolote.

Tatizo lake ni matuta. Anayeijua barabara hii anajua kwamba kila kijiji kina matuta yake, na mengine hayana hata alama. Gold Wing ina uzito wa zaidi ya kilo 360 kabla hamjapanda, na shokapu zake hucheza kama sentimita 11 tu. Africa Twin ya mbele hucheza hadi sentimita 23. Kwa maneno ya jikoni, ya kwanza inakupeleka kama sofa mpaka ifike kwenye tuta. Ya pili inakutikisa kidogo muda wote, lakini tuta inalimeza.

Safari ya Iringa ilinifundisha jambo ambalo sikulisikia kwa yeyote kabla. Pikipiki za njia zote ni ndefu kwenda juu. Siti ya Ténéré 700 iko sentimita 87 na nusu kutoka ardhini, ya Africa Twin ni 85 au 87 kulingana na ulivyoirekebisha. Dereva wa kimo cha kawaida anagusa chini kwa vidole. Akiwa peke yake si neno. Sasa weka mke nyuma, weka begi, weka foleni ya malori yanayotambaa Kitonga, msimame ghafla mlimani upande mmoja ukiwa na mteremko. Hapo ndipo pikipiki huangushwa, ikiwa imesimama kabisa. Dereva wetu alikuwa mrefu na makini, na bado kila tuliposimama nilihisi mguu wake ukitafuta ardhi.

Ukubwa wa tangi mtausikia sana madukani. Kwenye njia hii usikusumbue. Vituo vya mafuta vipo Chalinze, Morogoro, Mikumi mjini, Iringa, Mafinga, Makambako. Mgongo wenu utaomba mapumziko kabla tangi la lita 15 halijaisha.

Kinachoamua ni kipande cha mwisho. Bibi wa watoto hakai kwenye lami. Ukiiacha barabara ya Njombe kuna kilomita kama 20 za udongo mwekundu ambao kiangazi ni vumbi na masika ni sabuni. Gold Wing huko haifiki. Lakini nasema pia kwamba ile kubwa ya njia zote, BMW R 1250 GS ya karibu kilo 250, ikibeba watu wawili kwenye utelezi huo, jina lake halitamsaidia dereva wa wikiendi. Picha za matangazo huonyesha mtu mmoja stadi, tena hana mzigo. Na huku vijana wa bodaboda wa huko wanapita na pikipiki za CC 125 au 150, nyuma gunia la viazi, juu ya gunia kuku.

Kwa hiyo kura yangu ni ya njia zote iliyo nyepesi, ya kilo 200 hivi, yenye siti ambayo baba wa nyumba anaifikia kwa nyayo zote mbili. Himalayan yenye siti ya sentimita 80 imo humo. Mwendo wake si wa kujivunia, kupita lori mlimani kunahitaji subira, na kioo chake ni kidogo, kwa hiyo jaketi zito ni lazima. Mume wangu bado anaitazama Africa Twin kwenye simu usiku akidhani nimelala.

Kuna jambo moja ambalo hakuna pikipiki inayolitatua. Tuna watoto watatu. Wazazi wote wawili juu ya magurudumu mawili, kilomita 700, malori mbele na nyuma: nililisema mezani wazi, na tukakaa kimya kidogo. Watoto wenyewe waliuliza kama nao watapandishwa. Kwenye barabara kuu, hapana. Mtoto ambaye miguu haifiki pa kukanyagia na kichwa hakina helmeti ya saizi yake hana siti kwenye pikipiki yoyote.

Tulichokubaliana ni hiki. Mwezi wa sita yeye ataondoka alfajiri, alale Iringa, asiendeshe usiku. Mimi, watoto na mabegi tutapanda basi siku inayofuata hadi Njombe. Shemeji atatupokea stendi na gari lake, awachukue watoto na mizigo. Kile kipande cha udongo nitakaa nyuma ya mume wangu, taratibu, na tukikuta utelezi nitashuka nitembee.