Nani Ameshika Kisu?

Msomaji mpenzi, umewahi kukaribishwa sinia la pilau, ukanawa mikono, kisha kabla ya kutia tonge kinywani ukajiuliza ng'ombe huyu amechinjwa na nani? Wengi wetu tunaoishi mijini hatuulizi. Nyama tunainunua buchani, tunaipika, tunashukuru na kula. Lakini wako Wakristo ambao swali hilo linawakosesha raha, na wako Wakristo wengine ambao wakilisikia hucheka. Leo nataka tuzungumze juu ya watu hao wawili, kwa maana kila mmoja anaweza kumwumiza mwenzake bila kujua.

Twende kwanza Hewani, kijiji cha Wapokomo kando ya Mto Tana, upande wa Garsen. Ni nchi ya mpunga, ndizi na miembe. Wapokomo wa sehemu hizi za chini za mto wengi wao ni Wakristo tangu siku za babu zao. Wamisionari wa Neukirchen kutoka Ujerumani walianza kazi Ngao mnamo 1887, na baadaye kazi yao ikashikwa na Kanisa la Methodisti. Majirani zao Waorma ni wafugaji, nao ni Waislamu. Mkulima anataka maziwa, mfugaji anataka mchele. Kwa hiyo watu hawa wameuziana, wamealikana na kuzikana kwa miaka mingi.

Ndiyo sababu huko, kama kwingi katika pwani yetu, iko desturi moja. Mkristo akiwa na arusi au matanga, ng'ombe ni wake, ua ni wake, na sala itaongozwa na mchungaji wake. Lakini kisu humpa Mwislamu achinje. Mwislamu hatagusa nyama ambayo haikuchinjwa kwa sheria ya dini yake, na Mkristo aweza kuila. Basi anayeweza humsogelea asiyeweza, na wote wakala pamoja. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Miaka michache baada ya 2012 nilihudhuria arusi ya ukoo wetu hapo Hewani. Mambo yalikwenda vizuri mpaka wakati wa chakula. Kijana mmoja wetu, mwanafunzi wa chuo aliyekuwa ameokoka huko masomoni, alikataa nyama. Alisema imeombewa dua ya dini nyingine, na dhamiri yake haimruhusu. Mpaka hapo hakuwa na kosa. Lakini vijana wenzake walianza kumcheka, wakamsukumia sahani na kumwuliza kama yeye ni mtakatifu kuliko babu zake. Naye kwa hasira akawajibu kwamba wote waliokula wamekula meza moja na mashetani.

Shangazi yangu mmoja alikuwa ameketi karibu. Ni mama wa kanisa, mwenye kuimba kwaya tangu usichana. Nyama ya namna ile alikuwa ameila maisha yake yote kwa amani. Aliposikia neno lile aliweka tonge chini. Hakulishika tena.

Mzee mmoja aliwanyamazisha wale waliocheka. Akaagiza yule kijana aletewe wali na samaki, kisha akamwambia, "Mjukuu wangu, kula hiki kwa amani. Lakini shangazi yako usimtie hofu ambayo Mungu hakumtia."

Msomaji, neno la mzee lina msingi wake. Mtume Paulo alipowaandikia Wakorintho, jambo lililowagawa lilikuwa nyama. Nyama nyingi ya mjini ilitoka katika mahekalu ya sanamu. Wenye elimu walisema sanamu si kitu, basi tule. Wengine, waliozoea kuabudu sanamu hizo, wakila waliona wamerudi walikotoka. Paulo hakuwaambia wenye elimu kwamba wamekosea. Alikubaliana nao kwamba chakula hakimsogezi mtu kwa Mungu. Hata hivyo alisema yeye angeacha nyama maisha yake yote kuliko kumkwaza ndugu yake. Na alipowaandikia Warumi alitoa maonyo mawili, moja kwa kila upande: anayekula asimdharau asiyekula, na asiyekula asimhukumu anayekula.

Tazama basi yaliyotendeka arusini. Waliokula walimdharau mwenzao. Kama kijana angekula kwa kuona haya, nyama ile ingekuwa dhambi kwake, kwa sababu angetenda asichokiamini. Hicho ni kikwazo. Naye asiyekula aliwahukumu wenzake, na hukumu yake ikamwangusha mama ambaye hakuwamo katika ugomvi. Hicho nacho ni kikwazo. Sisi hudhani kwamba mwenye kukwaza ni yule mwenye kujipa uhuru tu. Siyo. Hata mkali wa dini hukwaza, na pengine zaidi, kwa kuwa anapomtia mwenzake hofu hudhani anamwokoa.

Habari haikuishia arusini. Shangazi alikuwa na jirani, mama wa Kiorma aliyekuwa akimletea maziwa. Kila Idi alialikwa, na kila Krismasi alialika. Idi iliyofuata hakwenda. Alijisingizia ugonjwa.

Ukiwa mgeni utasema kukosa mwaliko mmoja ni jambo dogo. Lakini kumbuka mahali pale. Agosti 22, 2012 kijiji cha Riketa kilishambuliwa, watu zaidi ya 50 wakauawa, wengi wao wanawake na watoto. Septemba 10 ikawa Kilelengwani, na Desemba 21 Kipao. Wapokomo walizika na Waorma walizika. Ugomvi ulikuwa wa ardhi, malisho, maji na siasa, wala si wa dini. Lakini mahali palipomwagika damu namna hiyo, kiti kikiwa kitupu watu huuliza kwa nini. Na Mkristo anapompa kisu jirani yake Mwislamu katikati ya ua wake, si nyama tu inayotengenezwa hapo. Anasema, "Nakuamini."

Yule mama wa Kiorma hakununa. Alikuja mwenyewe kuuliza hali, na shangazi akamweleza ukweli wote. Idi ya mwaka uliofuata shangazi alikwenda. Akakuta chungu chake cha maharagwe kimepikwa mbali na nyama. Sikuwahi kusikia mahubiri yaliyonifundisha Warumi mlango wa 14 kuliko maharagwe yale, na aliyeyapika si Mkristo.

Je, maana yake ni kwamba kila mwenye kukasirika apewe anachotaka? Hapana. Paulo huyo huyo alimkabili Petro mbele ya watu kule Antiokia, alipoacha kula na wasio Wayahudi kwa kuogopa watu waliotoka Yerusalemu. Kumstahi mwenye dhamiri nyepesi ni kitu kimoja, kumwogopa mwenye nguvu ni kingine. Kisu kinachotolewa kwa hiari ni upendo. Kikidaiwa kwa mabavu, au kikinyimwa kwa chuki, kinakuwa silaha. Februari 2013 huko Buseresere, mkoani Geita nchini Tanzania, ubishi juu ya nani ana haki ya kuchinja uliishia katika ghasia, na mchungaji mmoja akauawa. Waliobishana huko na wanaokula pamoja Hewani ni watu wa dini zile zile mbili.

Nanyi mlioko mijini, msidhani mambo haya ni ya kando ya mto tu. Mwanafunzi, unayeishi chumba kimoja na mwenzako aliyeacha pombe juzi, chupa yako mezani ina maana gani kwake? Baba, mfanyakazi wa nyumbani anayeshika Sabato akikuomba Jumamosi yake, unamcheka mbele ya watoto? Mama, jirani anayevaa tofauti na mafundisho ya kanisa lako, umekwisha mpeleka motoni kabla hujajua jina lake? Nyani haoni kundule.

Wazazi, wafundisheni watoto kushika dhamiri zao bila kuzitumia kama fimbo ya kuwapigia wengine. Mtoto ajue kusema, "Mimi sili, asante," bila kuongeza neno. Na ajue kumwachia mwenzake nafasi ya kusema hivyo hivyo bila kuonewa haya.

Tena, kabla hujawaalika watu Jumapili ijayo, waulize mapema kile wasichokula. Ni swali dogo, na jibu lake huenda likakugharimu sufuria moja zaidi jikoni. Ipike.