Tuchangie Kipimo Kabla ya Msiba

Ukitimiza miaka 50 katika sehemu kubwa ya Uingereza, serikali inakuletea kitu ambacho hukukiomba: bahasha yenye kichupa cha plastiki na maelekezo ya namna ya kuchukua choo chako mwenyewe na kukirudisha kwa posta. Si utani, na gharama ya posta wameshalipa. Mswahili akiifungua mara ya kwanza hucheka, kisha hugeuka kuangalia kama watoto wamemwona.

Ndani ya kichupa kuna kijiti kilichoshikamana na kifuniko, na ncha yake ina vijimfereji. Unaweka kopo safi au unatandika karatasi ili choo kisiguse maji, unakwangua kwa kijiti mpaka vijimfereji vijae, unakirudisha kichupani na kufunga kwa nguvu. Unaandika tarehe, unatia kwenye bahasha ya kurudishia, unanawa mikono, basi. Maabara wanatafuta damu ambayo jicho haliioni. Majibu huja ndani ya wiki mbili hivi. Katika watu 100 wanaorudisha, karibu wawili ndio huitwa kwa vipimo zaidi, na wengi wa hao hawakutwi na saratani ya utumbo mpana. Baada ya miaka miwili bahasha inakuja tena, na inaendelea hivyo mpaka ufikishe miaka 74.

England walianza mpango huu mwaka 2006 kwa wenye miaka 60 na kuendelea, wakaushusha umri hatua kwa hatua hadi 50. Scotland walichagua 50 tangu mwanzo. Marekani hawana bahasha ya taifa zima, lakini tangu 2021 jopo la wataalamu linaloongoza madaktari huko linashauri watu waanze kupimwa wakiwa na miaka 45, kwa sababu ugonjwa umezidi kuwakamata walio chini ya 50. Mwigizaji Chadwick Boseman alifariki kwa ugonjwa huo Agosti 2020 akiwa na miaka 43.

Hesabu inayowafanya wasumbuke hivi ni nyepesi. Saratani nyingi za utumbo mpana huanza kama kijinyama kidogo kwenye ukuta wa utumbo, ambacho mara nyingi huchukua miaka kumi au zaidi kugeuka saratani. Katika miaka hiyo yote hakiumi. Daktari akikikuta kwa kamera ya kutazama utumbo hukikata hapohapo na unarudi nyumbani siku hiyohiyo. Hata ikishakuwa saratani, Uingereza wanaokutwa nayo hatua ya kwanza, tisa kati ya kumi huwa hai miaka mitano baadaye. Wanaokutwa hatua ya nne, ni kama mmoja kati ya kumi. Ugonjwa ni uleule, hospitali ni zilezile. Kinachotofautiana ni lini mtu ameonekana.

Nyumbani hakuna bahasha

Baba yangu mdogo ni fundi seremala mstaafu, anaishi Tanga. Alipoanza kuona damu chooni alisema ni bawasiri, na kila aliyeambiwa akakubali, maana nani mtaani hana bawasiri? Duka la dawa wakampa ya kupaka. Jirani akasema hiyo ni ngiri, akaletewa unga wa mizizi wa kunywa na uji. Alipoanza kuchoka na kuhema kwa kutembea hatua chache, zahanati wakampima wingi wa damu, wakaukuta uko chini, wakampa vidonge vya kuongeza damu. Nyumbani wakaongeza juisi ya rozela na bitiruti. Damu ikapanda kidogo, ikashuka tena, akaongezewa vidonge. Tulikuwa tunajaza tangi huku bomba linavuja. Katika mlolongo wote huo, hakuna aliyeuliza damu inakwenda wapi.

Swali hilo ndilo lingemwokoa. Mwanamume wa umri ule hapati hedhi wala hazai. Damu yake ikipungua kwa kukosa madini ya chuma, daktari makini huanza kutafuta mahali inapovujia, na mahali pa kwanza pa kutazama ni tumbo na utumbo. Ndivyo ilivyo pia kwa mwanamke aliyekwisha koma hedhi. Tena baadhi ya saratani za sehemu ya mwisho ya utumbo hufikiwa kwa kidole chenye glavu, kazi ya dakika moja isiyohitaji umeme wala mashine. Lakini kidole hicho nacho kina mambo yake. Aliposhauriwa hatimaye apimwe hivyo, baba mdogo aliniambia kwa simu, "Mwanangu, yule daktari ni kijana mdogo kama wewe. Nimvulie nguo anitazame huko?" Akaenda kusubiri kupona.

Alipofika hospitali ya rufaa, tumbo lilikuwa limejaa, choo hakitoki wala upepo hautoki. Utumbo ulikuwa umeziba. Akapasuliwa usiku ule, akaamka na mfuko wa choo ubavuni.

Hadithi kama hii utaisikia Mombasa, Bujumbura na Kampala kwa kubadilisha majina tu. Wagonjwa wengi wa Afrika Mashariki hufika hatua ya tatu au ya nne, na wengi wao ni watu wa miaka 40 na 50 ambao bado wana ada za shule za kulipa. Kenya wanamkumbuka Ken Okoth, mbunge wa Kibra, aliyetangaza hadharani mwaka 2019 kwamba ana saratani hii na imefika hatua ya nne. Alifariki Julai mwaka huohuo akiwa na miaka 41. Kujitokeza kwake kulikuwa jambo kubwa, kwa sababu viongozi wetu wengi huugua "ugonjwa wa muda mrefu" mpaka tanzia inaposomwa.

Kuleta bahasha ya Uingereza kama ilivyo haiwezekani. Posta yetu haiji mlangoni. Anwani ya mtu ni sanduku la shule au la ofisi ya shemeji. Na hata kichupa kingefika, anayekutwa na damu anahitaji kamera, na wataalamu wa kamera wamejazana miji mikubwa. Kumpima mtu wa kijijini kisha kumwambia asafiri mpaka Dar es Salaam au Nairobi kwa nauli yake ni kumpa hofu bila tiba. Kwa hiyo naona kwa sasa tuanze na wachache walio hatarini zaidi: wenye dalili, na wenye mzazi, kaka au dada aliyeugua ugonjwa huu. Hao hawahitaji mpango wa taifa. Wanahitaji mtu wa kuwauliza na mtu wa kuwalipia.

Nani aulize?

Waingereza nao walikuwa na haya. Deborah James, mwalimu aliyegundulika na saratani ya utumbo mwaka 2016 akiwa na miaka 35, alitumia miaka yake iliyobaki kuzungumza habari za choo redioni na kwenye televisheni, mara nyingine amevaa vazi la mfano wa kinyesi, mpaka watu wakazoea. Alifariki Juni 2022. Leo kuna maduka makubwa huko yanayouza karatasi za chooni zenye dalili za saratani hii zimechapwa kwenye pakiti. Unazisoma ukiwa mahali hasa panapohusika.

Kwetu usinitume nimuulize baba mdogo rangi ya choo chake. Mimi ni binti yake, na kuna mambo mtoto hamuulizi baba. Lakini nimegundua nani anaweza: mjukuu. Babu na mjukuu wana utani wao, wanaitana mke na mume, wanasemana mambo ambayo mimi ningeyasema ningepigwa kofi. Aliyemfanya baba mdogo akubali kuendelea na matibabu ni mjukuu wake wa kidato cha tatu, aliyemwambia, "Mume wangu, ukifa kwa aibu mimi naolewa na mwingine." Babu akacheka, akapanda basi kwenda hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, kuanza dripu za kemo. Kampeni za afya zinazotafuta njia ya kufika kwa wazee wetu zisitafute mbali.

Na tusijidanganye kwamba Waswahili hatuwezi kuzungumza ya siri. Tulijifunza kusema kondomu redioni wakati UKIMWI unatumaliza. Mwaka 2018 Tanzania ilianza kuwachanja wasichana nchi nzima dhidi ya virusi vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi, na akina mama wakajifunza kuuliza maswali. Choo si kigumu kuliko hayo.

Mfuko

Tofauti iliyoniuma zaidi ni ya baada ya upasuaji. Uingereza mgonjwa anayetarajiwa kuwekewa mfuko hukutana kwanza na muuguzi maalumu, ambaye humwambia akae, ainame, asimame, kisha anamchora alama tumboni mahali ambapo mfuko hautagusana na mkanda wa suruali. Baadaye mifuko huletwa nyumbani. England hailipiwi kwa mtu ambaye mfuko wake ni wa kudumu au yuko kwenye matibabu ya saratani.

Baba mdogo alitoka hospitali na mifuko michache, na ilipokwisha, dukani bei yake ikawa ya kuchagua kati ya mfuko na mboga. Mama mdogo akawa anakata mfuko wa nailoni, anaufunga kwa kipande cha kanga kuzunguka kiuno. Ngozi ikachubuka. Mzee akaacha kwenda msikitini kwa kuogopa harufu na kudhani udhu wake haushiki. Shekhe alipopata habari alimfuata nyumbani, akamweleza kwamba mwenye udhuru anatawadha kwa kila sala ya faradhi na sala yake ni sahihi. Ziara ile ilimrudishia mzee nusu ya afya. Wewe unayesafiri Desemba na kilo za ziada za viatu na manukato, uliza kama kuna jamaa mwenye mfuko, na mfuko wa aina gani, kabla hujafunga begi.

Ughaibuni nako si peponi

Karibu theluthi moja ya wanaotumiwa bahasha England hawairudishi, na mara kwa mara imeonekana kwamba maeneo maskini na jamii za wahamiaji ndizo zinazorudisha kidogo zaidi. Wenzetu wengi wameiweka kwenye droo, chini ya bili. Wengine hawaipati kabisa, kwa sababu hutumwa kwa waliojiandikisha kwa daktari wa mtaa, na wao wanaogopa kujiandikisha wakiwa hawana karatasi. Jueni kwamba England kujiandikisha kwa daktari huyo hakuhitaji uthibitisho wa uhamiaji. Na aliye chini ya miaka 50 akiona damu asisubiri bahasha, aende mwenyewe. Foleni zipo, watu husubiri kuliko wanavyoahidiwa, kwa hiyo piga simu tena na tena bila haya.

Halafu chakula. Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi Uganda kuanzia miaka ya 1940 hadi ya 1960, aliona kwamba saratani ya utumbo ni nadra kwa wenyeji kuliko kwa watu wa Ulaya. Akalihusisha jambo hilo na vyakula vyenye nyuzinyuzi, vinavyotoa choo kingi, laini na cha haraka, akachapisha hoja yake mwaka 1971. Kwa maneno mengine, Wazungu walihimizwa kula nafaka zisizokobolewa kwa kutazama sahani na vyoo vya Afrika Mashariki. Sisi tukaliacha dona tukashika sembe, tukaacha matembele na kunde tukashika chipsi mayai, soseji na soda, na safari ya kilomita moja tunapanda bodaboda. Mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani la WHO lilithibitisha kwamba nyama za kusindikwa, soseji zikiwemo, zinasababisha saratani ya utumbo mpana. Pombe, sigara na unene vinaongeza hatari. Lakini mla mchicha naye akiona damu apimwe, mchicha si cheti.

Pesa zetu ziende wapi

Kila aliye ughaibuni yumo kwenye kikundi cha WhatsApp cha familia au cha watu wa kwao. Nimeona vikundi hivyo vikikusanya maelfu ya pauni kwa siku chache kusafirisha mwili, na sisemi ni vibaya, maiti ni heshima yetu. Nimeona vikichangia upasuaji wa dharura, kemo, na turubai la arobaini. Sijaona mweka hazina akiandika: "Wiki hii tunamlipia mjomba kipimo cha kamera." Kwenye hospitali nyingi za Tanzania kipimo hicho ni laki kadhaa za shilingi. Kwa mstaafu ni mlima. Kwa watu ishirini wenye kazi Reading, Minnesota na Muscat ni sehemu ndogo ya walichochanga kwenye msiba uliopita.

Basi wanakikundi, fanyeni jambo moja mwezi huu. Ulizaneni ni nani katika ukoo aliwahi kuugua utumbo, na kwa umri gani. Kama ni mzazi au ndugu wa tumbo moja, waliobaki wamuone daktari mapema, wasisubiri dalili. Mwenye damu chooni, mwenye choo kilichobadilika kwa zaidi ya wiki tatu, anayekonda bila sababu, au anayeambiwa damu yake ni kidogo bila kuambiwa kwa nini, aende hospitali wiki hii na aseme waziwazi: nataka kujua damu yangu inakwenda wapi. Na wewe unayetuma pesa, tuma ya kipimo kwanza.