Niliwakalisha kwenye umande

Kwa miaka mingi nimekuwa mwalimu wa michezo katika shule moja ya sekondari mkoani Njombe, na kwa sehemu kubwa ya muda huo niliamini kwamba kijana asiyeweza kugusa vidole vya miguu bila kukunja magoti hayuko tayari kucheza mpira. Imani hiyo niliirithi kwa mwalimu aliyenifundisha mimi, naye nadhani aliirithi kwa aliyemfundisha yeye. Iliwaumiza vijana. Ningependa kusema ulikuwa ujinga tu, lakini ujinga ni nusu ya habari, tena nusu iliyo nafuu.

Anayeijua Njombe anaijua Juni yake. Baridi inaingia mpaka kwenye mifupa, na ndio msimu wa UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari. Mazoezi yetu yalikuwa alfajiri, kabla ya vipindi. Vijana wanafika wameficha mikono kwapani. Mimi nawaamuru wavue masweta, nawapanga mistari, nawakalisha kwenye nyasi zenye umande. Mguu mmoja mbele, mwingine umekunjwa, paji la uso gotini. “Shikilia hapo hapo!” Nahesabu polepole, dakika nzima na zaidi kwa kila mguu. Asiyefika namsukuma mgongoni kwa mikono miwili. Kisha filimbi, na mbio za kasi kutoka goli hadi goli.

Walioumia waliumia karibu wote mahali pamoja: nyama za paja, upande wa nyuma. Mmoja alikuwa winga wa kulia, mwenye kasi ambayo sijaiona tena pale shuleni, lakini mwili wake ulikuwa mkavu. Mikono ilimfika katikati ya miguu ikakomea hapo. Huyo ndiye niliyemsukuma kuliko wote. Siku paja lilipomchanika akiwa kwenye mbio, nilisema mbele ya wenzake kwamba ni mvivu, hanyooshi viungo akiwa nyumbani. Alipoacha kuchechemea tu nikamrudisha uwanjani. Likachanika tena.

Siwezi kuapa kwamba kunyoosha ndiko kulikomchana. Paja la nyuma huchanika kwa sababu nyingi, na jeraha la awali ambalo halijapona sawasawa ni mojawapo ya zile kubwa. Lakini hata hiyo sababu ya pili ni yangu.

Niliyokuja kuyaelewa baadaye ni haya. Ndani ya nyuzi za msuli kuna protini mbili, aktini na miosini, ambazo hushikana na kuvutana msuli unapojikaza. Mtu akitulia kwa muda mrefu, baadhi ya mishikano hiyo hubaki hata msuli ukiwa hauna kazi, na hiyo ni sababu mojawapo ya kuamka tumekakamaa. Msuli unafanana na rangi ya mafuta iliyokaa kwenye kopo: ukiikoroga inalegea, ukiiacha inakaza tena. Na kinachoukoroga ni mwendo, yaani kutembea, kukimbia taratibu, kuinua magoti, kuzungusha nyonga. Mwendo huohuo unaleta joto. Msuli ukipanda nyuzi moja tu ya joto, nguvu ya kuruka au kuchomoka kwa kasi inaongezeka kwa asilimia kama 2 hadi 5. Ute ulio ndani ya kiungo nao unakuwa mwepesi, goti na nyonga vinazunguka bila kulazimishwa. Kazi kubwa ya kupanda kwa joto hilo hufanyika ndani ya dakika kumi za mwanzo za kusogeasogea.

Dakika hizo ndizo mimi nilizowakalisha chini wapoe.

Na kule kushikilia kwa dakika nzima? Mwaka 2016 David Behm wa Kanada na wenzake walikusanya matokeo ya tafiti nyingi wakakuta kwamba kunyoosha msuli bila kusogea, sekunde 60 au zaidi, kunapunguza uwezo wake kwa wastani wa asilimia 4.6 muda mfupi baadaye. Chini ya sekunde 60 hasara ni kama asilimia 1 tu. Kwa hiyo kunyoosha si sumu. Mimi ndiye niliyezidisha, tena kwenye baridi, tena kabla tu ya mbio za kasi. Wala kinga niliyodhani nawapa haikuwepo. Huko Australia wanajeshi wapya 1,538 waligawanywa makundi mawili, wote wakapasha miili moto, lakini kundi moja likaongezewa kunyoosha misuli. Matokeo yalichapishwa mwaka 2000: majeraha ya makundi hayo mawili hayakuwa na tofauti ya maana.

Kuna jambo lililonidanganya zaidi ya yote. Vijana walibadilika kweli! Ndani ya wiki chache aliyekuwa anaishia magotini anagusa kiatu. Nilijisifu. Kumbe wataalamu wa viungo wameonyesha kwamba mabadiliko ya wiki chache mara nyingi si msuli kurefuka; ni mishipa ya fahamu kuzoea kuvutwa, mtu akavumilia maumivu ambayo mwanzoni yalimsimamisha. Kipimo changu cha utayari kilikuwa kinapima uvumilivu wa maumivu, na mimi ndiye niliyekuwa nayatoa.

Sasa ile nusu nyingine. Nilikuwa nimeambiwa. Katika kozi moja ya makocha mkufunzi alituonyesha programu ya FIFA inayoitwa 11+, dakika kama 20: kukimbia taratibu, mazoezi ya nguvu na usawa wa mwili, kuruka, kisha mbio. Alitueleza kwamba kwa wasichana wa Norway ilipunguza majeraha kwa karibu theluthi moja, utafiti wa 2008, na kwamba kwa vijana wa Lagos, utafiti wa 2014, ilipunguza kwa asilimia 41. Lagos, si Ulaya. Kisingizio cha viwanja vya wenzetu hakikuwepo. Nilikunja karatasi zake, nikarudi nazo Njombe, nikazitia kwenye droo.

Kwa nini? Kwa sababu mistari ilikuwa inapendeza. Vijana waliokaa sawasawa, wakihesabu kwa sauti moja, mkuu wa shule akipita anaona nidhamu na anamwona mwalimu. Watoto wanaorukaruka huku na huko wanaonekana kama wamekosa msimamizi. Halafu ningewaeleza nini waliokuwa wamekwisha kuumia? Kubadilisha kungekuwa ni kukiri, nami sikutaka kukiri. Misimu kadhaa ikapita, karatasi zikiwa drooni.

Aliyenivunja ni mwalimu wa biolojia aliyehamia kwetu, binti mdogo, hata mpira hapendi. Alisimama pembeni asubuhi moja, akaniuliza kwa heshima zote, “Mwalimu, samahani, mbona hawa wanatetemeka?” Sikuwa na jibu.

Siku hizi tunaanza na sweta mwilini, kwa kukimbia. Kunyoosha kwa kushikilia kumehamia mwisho wa mazoezi. Mara kadhaa kwa wiki kila mmoja anapiga magoti, mwenzake anamshika vifundo vya miguu, naye anashuka mbele polepole akijizuia kwa mapaja ya nyuma. Zoezi hilo hawalipendi, ila timu zinazolifanya kwa uaminifu hupunguza majeraha ya paja la nyuma kwa karibu nusu.

Yule winga ni mtu mzima sasa. Nilimtafuta, nikamweleza yote, pamoja na habari ya droo. Alinipa shikamoo kama zamani, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, “Mwalimu, mimi miaka yote najua ni mwili wangu mbovu.” Niliomba radhi. Alisema yameisha. Sijui kama yameisha.

Na nisijitakase kupita kiasi. Watafiti wa Denmark walionyesha mwaka 2004 kwamba wachezaji wakikaa tu wakati wa mapumziko, misuli ya mapaja hupoa kwa nyuzi kama 2 na kipindi cha pili huanza na kasi imepungua. Waliokimbiakimbia kidogo kabla ya kurudi uwanjani walibaki na kasi yao. Hilo nalijua. Lakini mapumziko ni dakika 15, na mimi nina mambo mengi ya kuwaambia, na napenda wanisikilize wakiwa wamekaa.