Wana Wetu Maulidini Lamu

Kila Mfungo Sita, Lamu hufurika wageni wa Maulidi. Kwenye uwanja wa Msikiti wa Riyadha, ulioasisiwa na Habib Swaleh, wana wa madrasa hujipanga safu kwa kanzu nyeupe, wakisoma kasida kwa mlio wa dufu na matwari. Kando ya bahari kuna mbio za punda na mashindano ya kuogelea. Tumewaona akina mama wakinyoosha shingo, kila mmoja akimtafuta wake. Fahari hiyo si dhambi, madamu imetanguliwa na mashaAllah. Lakini mwana aliyesahau ubeti, au aliyefika wa mwisho, naye hutazama nyuso zetu kwanza. Tumpokee kwa bashasha. Mwana ni amana kabla ya kuwa fahari. Mola awahifadhi wote, amin.