Umekwisha kula wali?

Huko Thailand kula chakula chochote huitwa «kula wali». Watu wakikutana huulizana: «Umekwisha kula wali au bado?» Salamu njema, kwa maoni yetu. Upande wa Isan, kaskazini-mashariki, wali wao hunata. Hupikwa kwa mvuke katika kikapu cha mianzi, nao huufinyanga tonge kwa mkono, kama sisi tufanyavyo bukari, na kuchovya katika bakuli lililo katikati ya wote. Pilipili yao ni kali mno. Nayo, kama yetu, ilitoka Amerika, Wareno wakaivusha bahari. Alfajiri watawa wa Kibuda hupita na bakuli zao. Mama mwenye nyumba hutenga kwanza fungu lao, ndipo watoto wake wale.