Mkuki ni wa Musika, Bunduki Ina Njia Yake

Tangu nistaafu upolisi nawasaidia watu wa Bwaise, mtaa wa Kampala, kufuatilia mirathi. Kesi nyingi ni za viwanja na vyumba vya kupangisha. Ila mara nyingine mjane huketi kimya mpaka wengine watoke, ndipo aseme: "Afande, kuna na ile bunduki ya mzee."

Kwa kawaida ni shotigani kuukuu aliyoinunua kihalali kwa ajili ya shamba. Cheti kimo kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, na mafuriko ya Bwaise hayabagui sanduku: wino umevuja, namba imebaki nusu.

Kwanza namwambia asiiguse, wala kijana asiibebe kwenye boda. Chini ya Sheria ya Silaha ya Uganda ya 1970, kila anayekaa na bunduki lazima awe na cheti chake mwenyewe. Cha marehemu hakimlindi mwanawe, hata kama nia yake ni kuitunza tu. Tunapiga simu kituoni, polisi waje waichukue. Hapo ndipo ninapokazana: wakiipokea, waandike aina, namba iliyochongwa kwenye chuma, idadi ya risasi, tarehe, na jina na sahihi ya aliyepokea. Nakala ibaki kwa mjane. Familia isiyo na karatasi hiyo itaulizwa bunduki iko wapi, na haitakuwa na la kujibu.

Ugomvi huzuka kwenye olumbe, sherehe ya Kiganda ya kumalizia msiba. Musika, yaani mrithi wa kimila, akishavishwa lubugo, kitambaa cha gome la mti, na kukabidhiwa mkuki, hakosekani mjomba wa kusema na bunduki ni ya huyo musika. Hapana, ssebo. Mkuki ni wa mila. Bunduki ni mali ya marehemu, nayo hungoja barua ya LC1 (baraza la kijiji), cheti cha kifo, ofisi ya Msimamizi Mkuu wa Mirathi, kisha mahakama imteue msimamizi. Ndugu anayeitaka huomba cheti upya kwa jina lake, achunguzwe kama mgeni yeyote; mwenye kauli ni Inspekta Jenerali wa Polisi. Anaweza kunyimwa, na kuwa mtoto wa marehemu hakubadilishi kitu.

Wengine huona huu ni usumbufu. Mimi nakumbuka Juni 2018, mbunge Ibrahim Abiriga alipopigwa risasi Kawanda, kwenye barabara hii hii ya Bombo inayopita Bwaise. Baada ya mauaji hayo serikali iliagiza bunduki zote zichukuliwe alama za utambulisho. Bunduki iliyofichwa uvunguni bado imeandikwa jina la marehemu, na ikiibwa ikaua, wapelelezi watabisha mlango wa mjane.

Asipopatikana ndugu mwenye sifa, msimamizi anaweza kuomba idhini aiuze kwa mwenye kibali. Fedha hizo si za musika peke yake. Zinaingia kwenye mirathi na kugawanywa kama mali nyingine, mjane na mabinti wakiwa na fungu lao.